Kwa nini Kajiado imenenepa pembeni na kukonda katikati? (Rongai, Kitengela, Ngong)

#1 Mwl_Ramani
Salamu wadau. Juzi nilikuwa nafundisha ramani ya kaunti yetu ya Kajiado, mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona miji mikubwa imejazana hapa juu kwenye kona, na huku chini kote ni peupe?" Nikamjibu ni kwa sababu ya Nairobi, somo likaendelea. Lakini jibu langu mwenyewe halikunikaa.

Hebu tazameni. Kaunti ina kama kilomita za mraba 21,900. Inaanzia vilima vya Ngong, inakwenda hadi miguuni mwa Kilimanjaro, na upande wa magharibi inashuka mpaka Ziwa Magadi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840. Ongata Rongai peke yake 172,569, Kitengela 154,436, Ngong 102,323. Yaani miji mitatu tu ina karibu watu 4 katika kila 10, na yote unaifikia kwa matatu moja kutoka Nairobi mjini. Makao makuu, Kajiado mjini, ukiwa kwenye basi la Namanga ukasinzia kidogo umeshayapita.

Kiambu nayo imepakana na Nairobi, lakini huko miji imetapakaa: Thika, Ruiru, Limuru, Kikuyu. Kwetu kwa nini iwe kona tu? Mwenye historia aitoe.

#2 Shemeji125
Rongai usiihesabu kama kitongoji cha Nairobi mwalimu. Rongai ni ng'ambo. Ukipita Bomas, pale njiani kutoka mjini, unatakiwa uwe na pasipoti na chakula cha safari.

#3 Kapitei_Halisi
Supa. Mwalimu, jibu lako haliko kwenye ramani, liko kwenye hati za ardhi.

Kajiado yenyewe ni masalio. Mwaka 1904 wazee wetu, Olonana akiwa mbele, waliwekeana mkataba na Waingereza: Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia, wengine wabaki kusini. Iliandikwa kwamba ardhi hiyo itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka 7 baadaye, 1911, ukaja mkataba wa pili na wale wa Laikipia wakaswagwa kuletwa kusini na ng'ombe wao. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani 1913. Kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mkataba ni jambo la mataifa mawili, mahakama haina kauli. Hiyo hifadhi ya kusini ndiyo Kajiado na Narok za leo.

Sasa ikaja sheria ya 1968 ya ranchi za kikundi. Ardhi ikaandikishwa kwa jina la kundi. Miaka ya 80 watu wakaanza kutaka kila mtu na kipande chake. Ndipo mlango ulipofunguka, kwa sababu kundi haliwezi kuuza lakini baba mwenye watoto wanaodaiwa karo anaweza.

Baba yangu alipata eka 200 na ushee upande wa Kapitei, huku Kitengela. Eka 10 za kwanza zililipa karo ya kaka. Zilizofuata zikanunua pikapu. Hiyo pikapu ilikufa 1999 na mpaka leo iko nyuma ya boma, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Shamba lililoinunua sasa lina nyumba za ghorofa tatu. Nikipita hapo na watoto wangu siwaambii.

#4 MamaPloti
Pole Kapitei. Ila mimi naona mnaenda mbali sana. Kitengela ni EPZ tu (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje), hakuna siri nyingine. Serikali ilipojenga viwanda vya nguo pale Kajiado, wafanyakazi walihitaji pa kulala. Mimi mwenyewe nililetwa na EPZ, nikapanga chumba kimoja, baadaye nikanunua ploti 2007.

#5 Bonde_na_Milima
#4 marekebisho kidogo dada. EPZ haiko Kajiado. Iko Athi River, na Athi River ni Mavoko, kaunti ya Machakos. Sheria ya EPZ ni ya 1990. Kinachotokea ni kwamba Machakos wana viwanda, Kajiado wana vyumba vya kupanga. Asubuhi ukisimama pale mpakani utawaona watu wanavuka kaunti kwa miguu kwenda zamu bila kujua wamevuka.

#6 MamaPloti
Haya nimekubali, ni Machakos. Miguu yangu haikuona mpaka lakini mshahara uliuona.

#7 FundiMawe
Kapitei umeeleza vizuri ila hiyo hesabu ya hati ni ya Kitengela. Rongai haikungoja miaka ya 80. Huku ni kwa Wamaasai wa Keekonyokie, na kabla ya mabroka walikuja wachonga mawe. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kwa nini unadhani kuna mtaa unaitwa Kware? Ni machimbo. Mawe ya kijivu yaliyojenga nyumba nyingi Nairobi yalitoka kwenye mashimo kama haya.

Babu alikuwa na tindo tatu, kila moja na kazi yake, na alikuwa anajua jiwe kwa sauti. Akiligonga likilia kama kengele analichonga, likijibu kama gunia analiacha. Wachonga mawe wakahitaji chai, mwenye chai akahitaji maji, mwenye maji akahitaji punda. Mji ukaanza hivyo. Hati zilikuta watu wameshakaa.

#8 Shemeji125
Kumbe Rongai ilianza na mashimo. Hii ndiyo maelezo ya barabara zetu za ndani.

#9 Swala_Granti
Wote mna kipande cha ukweli lakini mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ramani ya mwalimu, lile eneo la kijani. Mbuga ya Nairobi.

Ilitangazwa 1946, ina kilomita za mraba 117, na iko yote ndani ya Nairobi. Jiji likitaka kukua kuelekea kusini linagonga ua. Haliwezi kupita, linazunguka. Likizungukia magharibi linatokea Rongai, likizungukia mashariki linatokea Kitengela. Chukua penseli uchore: miji hii miwili ni kama masikio mawili ya mbuga. Kiambu haina kizuizi cha namna hiyo, ndiyo maana kule watu wametapakaa.

Mbuga imezungushiwa ua pande tatu, kusini kumeachwa wazi kwenye Mto Mbagathi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda tambarare za Athi na Kapitei mvua ikinyesha. Ndiyo njia ya Kitengela hiyo. Kila ploti yenye ua wa waya kule ni kizingiti. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa eka kwa mwaka wasiuze wala wasizungushie ua.

#10 Shemeji125
Dola 4 kwa mwaka? Hiyo hainitoshi nauli ya kurudi nyumbani siku ya mvua.

#11 Kapitei_Halisi
#10 usicheke. Mama yangu alikuwa kwenye mpango huo. Pesa zilikuja mara tatu kwa mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, na ilikuwa kitu. Kaka yangu wa mwisho alimaliza sekondari kwa nyumbu. Lakini broka akija na bei ya ploti moja, kile kibahasha kinaonekana kama chenji.

Na Swala, hoja yako ya ukuta ni nzuri, ila ukuta umekuwepo tangu 1946. Mbona Kitengela imelipuka miaka hii ya karibuni tu? Wilaya nzima 1999 ilikuwa na watu 406,054. Mwaka 2009 ikawa 687,312. Ukuta haukubadilika. Kilichobadilika ni hati.

#12 Swala_Granti
Na Ngong je? Hati zipi?

#13 Kapitei_Halisi
Ngong ni kesi nyingine, nitaandika baadaye, naenda kukamua.

#14 Dereva_wa_Longido
Wakuu habari za majukumu. Mimi ni Mtanzania, lori langu limepita barabara hii ya Arusha, Namanga, Athi River tangu enzi ya mashimo. Niwaambie ninachokiona kutoka kwenye kiti changu. Kabla barabara haijatengenezwa upya, ukitoka Isinya unaona ng'ombe, twiga, na giza. Baada ya lami mpya nikaanza kuona mawe ya mipaka. Mwaka unaofuata mawe yamepakwa chokaa. Mwaka unaofuata kuna kibao "Ploti Zinauzwa", halafu geti bila ukuta. Geti limesimama peke yake nyikani, limefungwa kufuli kabisa! Mimi na tanboi wangu tulikuwa tunalipigia salamu.

Kwa hiyo kura yangu ni barabara. Halafu mbona hamuitaji Namanga? Nayo ni Kajiado. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe 2018 foleni imepungua.

#15 Bonde_na_Milima
Geti bila ukuta nimeliona. Mwenye nalo alianza na heshima, nyumba itafuata.

Lakini mkuu wa Longido, kama njia ndiyo inayojenga miji, basi Kajiado mjini ingekuwa jiji. Reli ya Magadi, inayochepuka Konza, ilipita hapo tangu miaka ya 1910 ikifuata magadi soda. Zaidi ya miaka 100 ya reli! Treni ilibeba magadi ikaenda zake. Na reli mpya ya SGR ya 2019 ina stesheni Ongata Rongai na nyingine Ngong, imetoboa handaki la kilomita 4 na nusu huko Ngong, na bado mtu wa Rongai anapanda matatu namba 125. Ratiba ya treni haimjui mtu wa ofisini.

#16 Dereva_wa_Longido
Reli haina kona ya kuchoma mahindi mkuu. Lori linasimama popote. Hapo ndipo mji unapoanzia.

#17 NyanyaZaKimana
Nimesoma mpaka hapa natafuta Loitokitok nimeikuta kwenye neno "miguuni mwa Kilimanjaro". Asanteni. Sisi ni miguu.

Mwalimu mwambie mtoto kwamba huku chini si peupe. Kimana tunalima nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi, soko siku ya Jumanne linajaa malori. Na kama mnataka kujua kwa nini katikati kumekonda, ulizeni maji yanakwenda wapi. Chemchemi ya Nolturesh iko kwetu. Bomba lake linatoka huku, linakatiza kaunti, linakwenda mpaka Machakos na Athi River. Ng'ombe wa katikati wanalisikia bomba likipita chini ya kwato. Mji haukui juu ya bomba lisilo na bomba ndogo.

#18 MamaPloti
Hayo maji mimi siyaoni Kitengela. Nanunua kwa lori. Kisima cha jirani tulichimba kwa mchango, maji yakatoka ya chumvi. Birika likichemka mara kumi linaota utandu mweupe ndani unaoweza kuukwangua kwa kijiko. Daktari wa meno alimtazama mwanangu wa pili akauliza, "Mnaishi Kitengela?" kabla hajaona hata kadi. Ni floraidi, madini ya kwenye maji yanayotia meno madoa. Wa tatu nimemlea kwa maji ya mvua, meno meupe kama karatasi, kaka yake anamuonea wivu.

Kwa hiyo Kimana, maji hayaelezi kitu. Kama watu wangefuata maji, Kitengela isingekuwa na mtu.

#19 NyanyaZaKimana
#18 hapo umenibana. Lakini wewe una pesa ya lori. Mwenye mbuzi 40 pale katikati hana.

#20 KijanaWaNgong
Mnisaidie kitu, nimesikia Kajiado ni jina la mzungu mpimaji reli. Ni kweli?

#21 Kapitei_Halisi
Nimerudi. Hapana. Olkeju ni mto, ado ni refu. Olkeju-ado, mto mrefu. Halmashauri yetu ya zamani iliitwa hivyohivyo, Olkejuado. Mzungu alichofanya ni kulipunguza jina.

#22 Shemeji125
Mto mrefu ambao miezi mingi una mchanga tu. Urefu tumeuona, mto bado.

#23 FundiMawe
Na Ongata Rongai ni tambarare nyembamba. Msichanganye na Rongai ya Nakuru, binamu yangu alishawahi kutumiwa godoro huko kwa bahati mbaya.

#24 KijanaWaNgong
Na Ngong? Bibi alituambia jitu lilikuwa linakimbia kutoka Kilimanjaro likajikwaa, likaanguka, na vile vilima ni vifundo vya ngumi yake.

#25 Kapitei_Halisi
Jitu la watalii hilo, ingawa hata mimi nililelewa nalo. Jina linatokana na enkong'u emuny. Emuny ni kifaru. Enkong'u ni jicho, na pia ni chemchemi. Chemchemi ya kifaru. Na hapa ndipo kesi ya Ngong ilipo: palikuwa na maji na baridi, kwa hiyo wakoloni, wafanyabiashara na Wakikuyu waliooana nasi walikaa mapema. Ngong ilikuwa mji tayari, Kitengela ikiwa vibanda vya Noonkopir tu. Wazee wengine bado wanaiita Noonkopir, ukisema Kitengela wanakuuliza ipi.

#26 Swala_Granti
Kweli, ipi? Kuna wageni walitafuta karakana ya vioo ya Kitengela, wakashuka Kitengela mjini, wakaambiwa iko upande wa Tuala, kwa kupitia Rongai. Walizunguka mbuga nzima, masikio yote mawili.

#27 Mwl_Ramani
Asanteni, nimejaza daftari. #25 umenigusa kwenye baridi. Mimi kwetu ni Kiserian, na sijawahi kufikiria hili. Ukitoka Kiserian kwa barabara ya Magadi unafika Corner Baridi, upepo unakupiga umefunga sweta mpaka kidevuni. Hapo bonde linafunguka mbele yako lote. Unaanza kushuka: Kisamis, sweta unavua. Ukifika Olorgesailie, pale kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale, unatafuta kivuli. Magadi mwenyewe unanunua maji kabla hujasalimia mtu. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460, ziwa liko kama mita 600. Kati ya kilele na ziwa kuna tofauti ya karibu kilomita 2 kwenda chini ndani ya kaunti moja.

Vilima vinashika mvua upande wa mashariki, nyuma yake bonde linabaki na jua. Labda watu hawakufuata Nairobi tu. Walifuata ubaridi, na Nairobi nayo ilifuata ubaridi huohuo.

#28 Bonde_na_Milima
Mwalimu, Kitengela haina ubaridi wa Ngong. Kitengela ina upepo, vumbi, na udongo mweusi unaokunyang'anya kiatu.

#29 MamaPloti
Kiatu tu? Mwaka wangu wa kwanza mvua ilinyesha siku tatu, nikatoka na gambuti, nikafika stejini na mguu mmoja. Lingine lilibaki kama kibao cha ploti. Msingi wa nyumba ilibidi tuchimbe mpaka tukute mwamba, mchimbaji akawa anaonekana kofia tu.

#30 Hustla_wa_Isinya
Niongeze sababu ambayo hakuna aliyeitaja: vyama vya kununua ardhi. Mtu wa mshahara mdogo haendi kununua eka 20. Kikundi kinanunua, kinakata futi 50 kwa 100, kila mmoja anapata. Bila hivyo hati za Kapitei zingekaa kabatini.

Mimi nilikatwa mshahara miezi 30. Chama sikitaji. Siku ya kuonyeshwa ploti tulibebwa na basi, tukala pilau, kila mtu akapiga picha na jiwe lake. Mwaka uliofuata nikarudi na fundi, jiwe namba 114 nikalikuta, na pembeni yake mzee na jiwe namba 114. Tukatazamana. Mzee ana risiti, mimi nina risiti. Tulikaa chini tukanywa soda yake. Mpaka leo tunasalimiana sikukuu.

#31 FundiMawe
Pole sana. Halafu watu wajue: hiyo 50 kwa 100 wanaiita moja ya nane ya eka lakini haifiki. Eka ni futi za mraba 43,560, ukigawa kwa 8 unapata 5,445. Ploti yako ni 5,000. Zilizobaki wanasema ni barabara.

#32 Shemeji125
Na barabara yenyewe tumeshaona #8.

#33 Kapitei_Halisi
#30 nakubali kwamba vyama vilifungua mkono wa mnunuzi. Lakini muuzaji aliuza kwa nini? Ukame wa 2009 nakumbuka tulipeleka ng'ombe mpaka ndani ya Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Tulirudi na 11. Aliyepoteza ng'ombe 60 hana cha kuuza ila chini anapokanyaga. Mwaka ule mabroka hawakutafuta watu, watu waliwatafuta wao.

#34 Dereva_wa_Longido
Hili la ukame hata kwetu Longido lilipita hivyohivyo, ila ardhi ni ya kijiji, mtu hana cha kumuonyesha broka. Ng'ombe walikufa, mji haukuja.

#35 Swala_Granti
#34 basi Kapitei amepata shahidi kutoka nchi ya pili.

#36 Bonde_na_Milima
Siyo shahidi kamili. Longido haina Nairobi mlangoni. Mngepeleka hati zote za Kapitei huko Longido, bado nani angenunua?

#37 Mwl_Ramani
Naona tumerudi kwenye jibu langu la kwanza kupitia Magadi na Arusha. Wiki ijayo nitawapa watoto wachore wenyewe: mbuga, vilima, reli, bomba la Nolturesh, kisha waweke nukta pale watu walipo. #17 bomba nitalichora kwa wino wa bluu, usijali.

#38 NyanyaZaKimana
Na Loitokitok iandikwe jina lote, siyo "L." kama kwenye ramani za kalenda.

#39 KijanaWaNgong
Kapitei hujamaliza lakini. Ile chemchemi ya kifaru yenyewe iko wapi hapa Ngong? Nimezaliwa hapa sijawahi kuonyeshwa.

#40 Kapitei_Halisi
Nitamuuliza mama akiamka. Aliwahi kuniambia iko nyuma ya soko, mjomba anasema siyo hiyo.

#41 Shemeji125
Nimeanza kusoma uzi huu nikiwa Bomas. Nimefika posti ya 41. Niko Bomas.